Mpelelezi Sugu na Wasomaji Wake: Jinsi ya Kupima Maoni kuhusu Riwaya ya Upelelezi

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, riwaya ya upelelezi haihitaji kutangazwa. Hupita mkono kwa mkono: kutoka kwa kaka hadi kwa dada, kutoka meza ya vitabu vikuukuu kando ya barabara hadi ndani ya begi la shule, na mara nyingi humrudia mwenyewe bila jalada. Ukimwuliza aliyeimaliza, hakosi la kusema. Mmoja atakwambia haina kifani. Mwingine atasema ni porojo tupu. Wa tatu atakuonya uifiche, kwa kuwa mwalimu akiiona ataitwaa.

Hayo yote ni maoni ya wasomaji, na ndiyo tunayoyashughulikia katika sehemu hii. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, mtahiniwa huombwa ajadili, athibitishe au atathmini kauli fulani kuhusu kazi ya fasihi. Wengi wanaopoteza alama hapo wana maoni mazuri tu. Wanachokosa ni namna ya kuyathibitisha.

Riwaya ya upelelezi huenda isiwe kitabu teule chako. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wasomaji huibishania sana, na penye ubishi ndipo pa kujifunzia uhakiki. Pili, wanafunzi wengi wamezoea kuionea haya, kana kwamba kitabu kinachomkosesha mtu usingizi hakiwezi kuwa fasihi. Utakapomaliza sehemu hii utaweza kukitetea au kukikosoa kitabu cha aina hiyo bila haya na bila kubahatisha, kisha uutumie ujuzi huohuo katika kitabu teule chako.

Mpelelezi sugu ni nani?

Hadithi ya upelelezi huanza na kosa, aghalabu mauaji, na huishia kwa kufichuliwa kwa aliyelitenda. Edgar Allan Poe wa Marekani aliandika hadithi ya aina hii mwaka 1841. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle wa Uingereza akamleta Sherlock Holmes, mpelelezi anayeshinda kwa akili: anatazama jivu la sigara au tope la kiatu, anafikiri, anatoa jibu.

Mpelelezi sugu alizaliwa baadaye, katika miji ya Marekani ya miaka ya 1920 na 1930. Dashiell Hammett, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, alichapisha The Maltese Falcon mwaka 1930, akiwa na mhusika mkuu Sam Spade wa San Francisco. Raymond Chandler akafuata na The Big Sleep mwaka 1939, ambamo Philip Marlowe anazunguka Los Angeles akitafuta ukweli ambao matajiri wangependa ubaki umefichika.

Zikumbuke sifa hizi za mpelelezi sugu:

(i) Anafanya kazi peke yake kwa malipo, na kwa kawaida hana fedha nyingi.
(ii) Hawaamini sana wenye mamlaka, wakiwemo polisi.
(iii) Anaujua mji wake kichochoro kwa kichochoro.
(iv) Lugha yake ni kavu, ya mkato, yenye kejeli.
(v) Ana msimamo wa maadili, ingawa anauficha.
(vi) Anapigwa, anadanganywa, anakosea. Hashindi kwa akili pekee.

Alivyofika kwetu

Katika Kiswahili, jina la kwanza la kukumbuka ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na tafakuri. Yuko karibu na Holmes kuliko Marlowe. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla wa Tanzania akatoa Simu ya Kifo, na hapo mpelelezi, Inspekta Wingo, ni askari wa mji wa kisasa wenye simu na magari.

Miaka ya 1970 na 1980 ilileta wahusika wagumu zaidi. Elvis Musiba alimwumba Willy Gamba, jasusi wa serikali, katika Kufa na Kupona (1974). Ben Mtobwa naye akamwumba Joram Kiango, mpelelezi wa kibinafsi wa Dar es Salaam anayeshirikiana na Inspekta Kombora wa polisi bila kuwa chini yake. Kati ya wahusika hawa, Joram ndiye anayemkaribia zaidi mpelelezi sugu.

Nairobi nayo ina wapelelezi wake, ingawa waliandikwa kwa Kiingereza. Katika Nairobi Heat (2009) ya Mukoma wa Ngugi, Ishmael, mpelelezi Mmarekani mweusi, anafika Nairobi kufuatilia mauaji na kushangaa kusikia akiitwa mzungu. Katika Black Star Nairobi (2013) yeye na mwenzake, O, wana kampuni yao ya upelelezi, na kisa kinatendeka wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007. Upande wa pili wa bunduki yupo John Kiriamiti, aliyesimulia maisha ya ujambazi katika My Life in Crime (1984), kitabu ambacho wazazi wengi wa Nairobi walikisoma kabla ya watoto wao.

Kifungu cha kufanyia mazoezi

Kifungu kifuatacho tumekibuni kwa ajili ya mwongozo huu. Kisome mara mbili kabla ya kuendelea.

"Ofisi yangu iko juu ya bucha, kando ya barabara ya Jogoo. Mteja akipanda ngazi, harufu ya mifupa humtangulia. Mama yule alipanda saa kumi na mbili jioni, maji ya mvua yakimchuruzika kutoka kwenye leso. Hakuketi.

'Mwanangu ana siku nne hajaonekana,' alisema. 'Kituoni wameniambia nirudi Jumatatu.'

Akafungua fundo la leso na kuweka noti mezani. Zilikuwa elfu mbili na mia tatu. Najua kwa sababu alizihesabu kwa sauti, kama mtu anayechelea kupunjwa hata na msiba wake. Nikachukua mia tano. Usinisifu: hiyo ilikuwa nauli ya siku mbili na chai.

Siku ya tatu nilimpata mtu, lakini hakuwa kijana. Alikuwa yule aliyemchukua kijana. Alilala kifudifudi nyuma ya karakana huko Dandora, bunduki yake kwenye tope, yangu mkononi. Taa ya mtaa ilikuwa imezimika tangu Krismasi. Hakuna ambaye angeuliza.

'Maliza basi,' alisema.

Nikalikumbuka fundo la leso. Nikayakumbuka maneno ya kituoni: rudi Jumatatu. Nilikaa pale mpaka kukapambazuka, na sitasema kama nilikaa na mtu au na maiti."

Maoni matano yanayosikika mara kwa mara

1. "Hii ni burudani tu, si fasihi."

Wanaosema hivi huigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati, inayochimbua matatizo ya jamii, na riwaya pendwa, inayosisimua na kusahaulika. Wana wenzao ng'ambo. Mwaka 1945 mhakiki Edmund Wilson aliandika katika jarida la The New Yorker kwamba hadithi za upelelezi ni upotevu wa muda. Chandler alikuwa ametangulia kutoa msimamo tofauti mwaka 1944: alimsifu Hammett kwa kuyatoa mauaji katika majumba ya kifahari na kuyarudisha mikononi mwa watu wanaoua kwa sababu zinazoeleweka.

Pima maoni haya kwa kifungu chetu. Je, kuna taharuki? Ndiyo: hatujui kilichompata kijana, na mwisho hatujui kilichompata aliyemchukua. Je, kuna suala la kijamii? Lipo pia: mama anaambiwa arudi Jumatatu. Neno hilo moja, Jumatatu, linaeleza utepetevu wa wahudumu wa umma kwa ufupi ambao insha ndefu isingeufikia. Basi burudani na dhamira vinaweza kukaa chumba kimoja. Mhakiki anayesema "ni burudani tu" hana budi kuonyesha kwamba ukiiondoa taharuki hakibaki kitu. Pengine atakuwa amesema kweli kuhusu kitabu fulani, lakini itambidi akitaje na aonyeshe ni wapi.

2. "Imeigwa kutoka ughaibuni."

Kuna ukweli hapa. Bwana Msa ana kiko kama Holmes, na rafiki yake Najum anakumbusha rafiki wa Holmes, Daktari Watson. Joram Kiango naye ana bastola na ucheshi mkavu ambao wasomaji wa riwaya za Marekani wataufahamu mara moja.

Lakini kuazima umbo si kuazima swali. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inapatikana mahali ambapo jamii inapaogopa, na wapo wanaoamini kwamba mzimu ndio umeua. Kabla ya kumsaka muuaji, Bwana Msa lazima akabiliane na imani hiyo. Holmes wa London hakuwa na mzigo huo kwa namna ile. Mtobwa katika Tutarudi na Roho Zetu? anampambanisha Joram na utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, suala lililoigusa Tanzania moja kwa moja miaka ile. Msomaji mzuri hasemi "ameiga" akaishia hapo. Anauliza: kilichoazimwa ni kipi, kimefanyiwa nini, na kimezaa nini kipya?

3. "Kisa hakieleweki, kimejaa sadfa."

Hili ni lalamiko la haki na la kale. Inasimuliwa kwamba watengenezaji wa filamu ya The Big Sleep, iliyotoka mwaka 1946, walimwuliza Chandler ni nani aliyemuua dereva katika riwaya hiyo, naye akakiri kwamba hajui. Hata hivyo kitabu kinaendelea kusomwa, kwa sababu wasomaji wengi humfuata Marlowe kwa ajili ya mji anaowaonyesha na sauti anayoutumia kuuonyesha.

Hapa tofautisha mambo mawili. Pengo la bahati mbaya ni kosa la ploti: mwandishi amesahau. Pengo la makusudi ni mbinu: mwandishi ananyamaza ili msomaji aulize. Mwisho wa kifungu chetu ni pengo la makusudi. Tunajuaje? Msimulizi mwenyewe anasema "sitasema". Ungeandika kwamba "mwandishi ameacha kisa bila mwisho kwa kutojua la kufanya", ushahidi ungekusuta.

Upande wa pili, swali kuhusu sadfa lina mashiko. Kifungu kinaruka kutoka siku ya kwanza hadi ya tatu bila kueleza jinsi mhalifu alivyopatikana. Msomaji ana haki ya kudai maelezo: katika riwaya nzima tungetarajia hatua za upelelezi zionekane.

4. "Wanawake wamechorwa vibaya."

Wasomaji wengi, hasa wasichana, husema kwamba katika riwaya hizi mwanamke ana kazi tatu: kuwa mrembo, kuwa chambo, au kuwa maiti. Katika The Maltese Falcon mteja wa kike anamdanganya Spade tangu mwanzo. Katika riwaya za Willy Gamba na Joram Kiango sura ya mwanamke huelezwa mapema na kwa urefu. Lakini katika baadhi ya visa vya Joram yupo Nuru, anayeshiriki hatari pamoja naye, na anayemtaja lazima ampime pia.

Rudi kwenye kifungu. Mama anaonekana kwa aya chache, analipa, anatoweka. Mhakiki anaweza kusema ametumiwa kama ufunguo wa kuwasha kisa. Mwingine anaweza kujibu kwamba ndiye mhusika mwenye heshima kuliko wote: hakuketi, hakulia, alihesabu fedha zake, na fundo la leso yake ndilo linalorudi akilini mwa msimulizi usiku wa mwisho. Hoja zote mbili zinakubalika kwa sababu zote mbili zinaelekeza kidole kwenye maneno yaliyoandikwa. Mtahini hatafuti hoja anayoipenda yeye. Anatafuta iliyothibitishwa.

5. "Shujaa anaua bila mahakama, nasi tunashangilia."

Haya ndiyo maoni mazito kuliko yote, na ndiyo yanayoligusa hasa eneo letu. Katika riwaya nyingi za mpelelezi sugu risasi ya shujaa huwa ndiyo hukumu. Msomaji aliyechoka kuona wahalifu wakiachiliwa hufurahi. Kwake riwaya ni mahali pa pekee ambapo jambo huisha.

Lakini yupo msomaji mwingine. Mnamo Februari 2009, Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa anayechunguza mauaji yasiyofuata sheria, alizuru Kenya na kueleza kwamba mauaji yanayotekelezwa na polisi yalikuwa yameenea. Mwaka 2017, kituo cha kutetea haki cha Mathare kilichapisha ripoti kuhusu vijana waliouawa hivyo, na wakaazi wenyewe walishiriki kuiandaa. Msomaji aliyempoteza jirani au mwanafunzi mwenzake kwa njia hiyo hawezi kuisoma sentensi "Hakuna ambaye angeuliza" kama anavyoisoma mtu wa mbali. Kwake hiyo si taharuki. Ni jambo aliloliona.

Je, maoni yake yahesabiwe kuwa ya hisia tu, yasiyofaa kwenye mtihani? La. Tajiriba ya msomaji inaweza kumwonyesha jambo ambalo wengine wanalipita. Katika kifungu, yeye ndiye atakayegundua kwanza kwamba mwenye bunduki na aliye kwenye tope wamezungukwa na giza lilelile, na kwamba mtu anayelala kifudifudi hana tena uwezo wa kumdhuru yeyote. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda haki ya kuishi katika Kifungu cha 26 na haki ya kusikilizwa kwa haki katika Kifungu cha 50. Wala haisemi kwamba haki hizo ni za watu wema pekee.

Zingatia jambo moja. Tajiriba hukuonyesha pa kutazama, lakini haiwezi kusimama badala ya maandishi. Ukiandika, "Mwandishi anaunga mkono mauaji," lazima uonyeshe wapi. Katika kifungu chetu hutapata pahali hapo. Msimulizi anakataa kusema alichokitenda. Kukataa huko kunaweza kusomwa kama aibu, kama kiburi, au kama mtego aliotegewa msomaji: atakayesema "bila shaka alimuua, na vizuri sana" atakuwa ametoa hukumu yeye mwenyewe, gizani, bila kumsikiliza mshtakiwa.

Hatua za kugeuza maoni kuwa hoja

Hatua ya 1: Taja maoni yako kwa sentensi moja iliyo wazi. "Ninakipenda" haijawa hoja. "Kifungu kinamfanya msomaji kuwa hakimu" ni hoja.

Hatua ya 2: Tafuta neno, tendo au kimya katika maandishi kinachounga mkono hoja hiyo.

Hatua ya 3: Eleza uhusiano. Usinukuu ukaondoka. Mwambie mtahini neno hilo linafanya kazi gani.

Hatua ya 4: Tafuta ushahidi unaokupinga, kisha uujibu. Hapa ndipo mtahiniwa hodari hujitenga na wenzake.

Hatua ya 5: Hitimisha kwa kiasi. Ushahidi mdogo hauzai kauli kubwa.

Mfano wa swali na majibu

*"Msimulizi wa kifungu hiki ni mwema anayeuficha wema wake." Tathmini kauli hii. (alama 10)*

Jibu dhaifu: "Ni kweli. Msimulizi ni mwema sana kwa sababu alimsaidia mama maskini. Kifungu hiki kinafurahisha na kinatufunza tusaidiane. Pia kinasikitisha kwa sababu mtoto alipotea."

Tatizo la jibu hili: halina ushahidi mahususi, halijagusia neno "anayeuficha" lililo katika swali, na linaongeza funzo ambalo halikuulizwa.

Jibu imara: "Kauli hii ina ukweli mwingi. Kwanza, mama anaweka mezani shilingi elfu mbili na mia tatu, lakini msimulizi anachukua mia tano pekee. Anaponya umaskini wa mteja badala ya kuutumia. Pili, anauficha wema huo papo hapo kwa kusema 'Usinisifu', na kudai kwamba fedha hizo ni za nauli na chai. Kejeli hii ya kujishusha ni ngao: hataki msomaji amwone mwenye huruma. Tatu, katika saa ya hatari analikumbuka fundo la leso, ishara kwamba shida ya mama imemkaa moyoni kuliko alivyokiri.

Hata hivyo, mwisho wa kifungu unaitia kauli hii mashaka. Msimulizi anasema hataeleza kama alikaa na mtu au na maiti. Ikiwa alimuua mtu aliyekuwa chini bila silaha, basi anachoficha si wema bali kosa. Vilevile, kijana aliyepotea hatajwi tena, kana kwamba kisasi kimechukua nafasi ya kumtafuta. Kwa hiyo msimulizi anaficha wema katika nusu ya kwanza, na katika nusu ya pili anaficha jambo ambalo msomaji hawezi kulipa jina kwa uhakika."

Jibu hili limekubali sehemu ya kauli na kuikataa nyingine, na kila hatua ina mahali pake katika maandishi. Soma tena sentensi, "Anaponya umaskini wa mteja badala ya kuutumia." Hiyo ndiyo dosari ya jibu: mia tano haiponyi umaskini wa mtu. Ingefaa kuandika, "Anauheshimu umaskini wa mteja badala ya kuutumia." Hata jibu zuri hufaidika likisomwa mara ya pili.

Makosa ya kuepuka

(i) Kusimulia kisa upya. Mtahini anakijua. Anataka hukumu yako na sababu zake.
(ii) Kumchanganya mwandishi na msimulizi. Anayesema "Usinisifu" ni msimulizi wa nafsi ya kwanza.
(iii) Kuandika "wasomaji wote wanakubaliana". Hawajawahi kukubaliana. Andika "msomaji anaweza kuona kwamba".
(iv) Kudharau kazi kwa sababu ya aina yake. Jina "riwaya pendwa" linakwambia rafu ambamo kitabu kimepangwa. Ubora wake utaujua kwa kukisoma.
(v) Kuisifu kazi kwa sababu imeutaja mtaa wako. Kufurahi kuiona barabara ya Jogoo kitabuni ni haki yako, lakini uliza barabara hiyo inafanya kazi gani katika kisa.

Maswali ya marudio

1. Taja sifa nne za mpelelezi sugu na uonyeshe zinavyojitokeza katika kifungu. (alama 8)
2. Eleza umuhimu wa mandhari ya giza na mvua katika kifungu. (alama 4)
3. "Ukimya wa msimulizi una uzito kuliko maneno yake." Thibitisha. (alama 8)
4. Mwandikie mhariri wa jarida la shule barua ukipinga au ukiunga mkono maoni kwamba riwaya za upelelezi zisiwekwe kwenye maktaba ya shule. (alama 20)
5. Chagua mhusika mmoja katika kitabu teule chako anayetafuta haki nje ya taasisi rasmi. Linganisha hatua zake na za msimulizi wa kifungu. (alama 20)

Kwa swali la tano, usitegemee kumbukumbu pekee. Kifungue kitabu teule chako na uandike nambari za kurasa unapotafuta ushahidi. Ukitaka kuonja riwaya za upelelezi zilizotajwa hapa, ulizia katika maktaba iliyo karibu nawe. Eastlands ina mbili za umma zilizo matawi ya Maktaba ya McMillan, moja Kaloleni na nyingine Makadara. Soma riwaya moja hadi mwisho, kisha mtafute mtu aliyeisoma akaichukia. Msikilize hadi amalize, halafu mwulize swali moja: "Ni ukurasa gani?" Akiweza kukuonyesha, mna mjadala. Nawe jiandae, kwa kuwa atakuuliza swali hilohilo.